Rubavu: Daktari kijana afanyeje ili awe bingwa wa upasuaji?

Mgonjwa wa Gisenyi anapohitaji upasuaji unaozidi uwezo wa hospitali ya wilaya, hupewa rufaa. Gari la wagonjwa hupanda milima kuelekea Kigali, safari ya kilomita zipatazo 150, na kwa aliyeumia vibaya kila saa ina thamani. Chanzo cha safari hiyo ni uchache wa madaktari bingwa. Mwaka 2015, tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanapouhitaji, ikapendekeza kila nchi iwe na wataalamu wasiopungua 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila wakazi 100,000.

Je, daktari kijana wa Rubavu anayetaka kuziba pengo hilo apitie wapi?

Nchini Rwanda njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako wanafunzi hujifunza kwa vitendo katika hospitali kubwa kama CHUK ya Kigali na CHUB ya Huye. Ya pili ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu jijini Arusha, Tanzania.

COSECSA hakina madarasa wala mabweni. Mwanafunzi hubaki akifanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa anayemsimamia, na kila upasuaji anaoshiriki huuandika katika daftari maalumu. Hatua ya kwanza huchukua miaka 2. Ya pili, kwa upasuaji wa jumla, miaka 3. Kila hatua huhitimishwa kwa mtihani unaofanana kwa nchi zote wanachama.

Mwombaji sharti awe na shahada ya udaktari inayotambulika, awe amemaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na awe amesajiliwa na baraza la madaktari la nchi anakofanyia kazi. Kwa COSECSA, jambo la msingi ni kupata kwanza nafasi katika hospitali iliyoidhinishwa. Bila nafasi hiyo, ombi haliendi mbali.

Vijana wa mpakani waliosomea Goma au kwingineko nje ya nchi wana hatua ya ziada: kuomba Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda liilinganishe shahada yao na ile ya nchini. Aidha, mafunzo na mitihani ni kwa Kiingereza, hivyo aliyesoma kwa Kifaransa ni heri aanze kujiandaa mapema.

Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikitekeleza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Mwaka huohuo kituo cha IRCAD Africa, kinachofundisha upasuaji wa matundu madogo, kilizinduliwa Kigali.

Hata hivyo, daktari anayeanza leo atahitimu baada ya takribani miaka mitano. Wakazi wa Rubavu watanufaika zaidi iwapo, akishahitimu, atarudi kuvaa glavu zake Gisenyi.