UFAFANUZI: Kubadilisha Manifodi ya Ekzosi katika Gari Zenye Masega

Gari nyingi za petroli zinazotumika Unguja na Pemba zimeingizwa zikiwa zimekwishatumika, na nyingi kati ya hizo hutoka Japani. Gari hizo ziliundwa zikiwa na vifaa maalumu vya kupunguza sumu katika moshi, kwani Japani iliweka viwango vikali vya moshi wa gari za abiria mwaka 1978. Kifaa kikuu miongoni mwao ni kile ambacho mafundi wa gereji hukiita masega.

Hata hivyo, zipo gari zinazopoteza vifaa hivyo baada ya kufika, pengine bila ya mwenyewe kujua. Njia moja ya kupotea kwake ni pale manifodi ya ekzosi ya kiwandani inapotolewa na kutiwa nyengine ya mabomba, inayouzwa kwa jina la heda. Makala haya yanaeleza kazi ya vifaa hivyo, namna badiliko hilo linavyoviathiri, na mambo ya kuzingatiwa kabla ya fundi kupewa ruhusa ya kushika spana.

KAZI YA MANIFODI NA FAIDA YA HEDA

Manifodi ya ekzosi ndiyo kiungo cha kwanza kinachopokea moshi unapotoka katika silinda za injini. Ile ya kiwandani aghalabu huwa ya chuma cha kusubu, nzito, fupi, na yenye njia zinazokutana mapema. Kwa hivyo moshi wa silinda moja hukumbana na msukumo wa moshi wa silinda nyengine, na injini hulazimika kutumia sehemu ya nguvu zake kuutoa nje. Heda huipa kila silinda bomba lake, na mabomba hayo huwa na urefu unaolingana au unaokaribiana kabla ya kuungana mahali pamoja. Moshi uliotangulia ukipita katika maungio hayo huacha nyuma yake mvuto unaousaidia moshi unaofuata kutoka kwa wepesi.

Faida hiyo ni ya kweli, ila ina mahali pake. Huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi kubwa, kama katika mashindano. Kwa gari inayotoka Amani kwenda Darajani na kusimama kila baada ya hatua chache, faida ni ndogo, na mara nyengine nguvu za kuondokea hupungua. Kinachoongezeka kwa hakika ni sauti.

MASEGA HUFANYA KAZI GANI

Masega ni kipande cha udongo mgumu wa kauri, au cha bati jembamba, chenye vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki, kilichofungiwa ndani ya kopo la chuma. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita humo, sumu tatu hugeuzwa: kaboni monoksaidi, mvuke wa petroli isiyoungua, na oksidi za naitrojeni. Hutoka zikiwa kaboni dioksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Masega mazima yaliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za sumu hizo.

Kazi hiyo ina masharti mawili. Kwanza, masega hayaanzi kufanya kazi ipasavyo mpaka yafikie joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Pili, mchanganyiko wa hewa na petroli hauna budi kuwa sawa, nao ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Kulinda kipimo hicho, sensa ya oksijeni huwekwa mbele ya masega ili kuiarifu kompyuta ya gari. Gari nyingi za miaka ya karibuni zina sensa ya pili nyuma ya masega, ambayo huangalia kama masega yenyewe yangali yanafanya kazi.

HEDA HUVIATHIRI VIPI VIFAA HIVYO

Athari ya kwanza ni kuondoka kwa masega yenyewe. Ili yapate joto upesi, watengenezaji wa gari nyingi wameyaunganisha na manifodi ikawa kitu kimoja. Mwenye gari ya namna hiyo anaponunua heda tupu huwa ameyaondoa masega, hata kama hakukusudia.

Athari ya pili ni ya sensa. Ikihamishiwa mbali na injini, huchelewa kupata joto. Na heda ikivuja kwenye gasketi au mahali palipochomelewa, hewa ya nje huingia na kuidanganya sensa kuwa petroli ni kidogo. Kompyuta huongeza petroli, matumizi hupanda, na petroli ya ziada huweza kuyaunguza masega yaliyobaki mpaka yakayeyuka na kuziba.

Athari ya tatu huzipata gari zenye bomba la kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo hupunguza ukali wa moto katika silinda, na kwa hivyo hupunguza oksidi za naitrojeni. Heda isiyo na tundu la bomba hilo humfanya fundi aliziba, na injini huweza kuanza kugonga.

Athari ya nne ni ya usalama. Mabomba membamba hutoa joto kali zaidi kuliko chuma cha kusubu. Mabati ya kuzuia joto yakiachwa bila kurudishwa, nyaya na mipira iliyo karibu huungua.

Aidha, kuna desturi ya kuifunga sensa ya nyuma kwa kipande cha kuidanganya ili taa ya injini isiwake kwenye dashibodi. Ieleweke kuwa hatua hiyo huzima taa tu, na sumu huendelea kutoka kama ilivyo.

MADHARA KWA WATU

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na humnyima mtu pumzi bila ya yeye kuhisi. Heda inayovuja chini ya boneti huweza kuipitisha sumu hiyo mpaka ndani walimo abiria. Oksidi za naitrojeni nazo huwasha mapafu na kumzidishia mgonjwa wa pumu.

Katika mitaa myembamba ya Mji Mkongwe, yenye kuta ndefu pande zote mbili, moshi hauna pa kwenda upesi. Wanaouvuta ni muuza duka aliye kibarazani, mama aliyembeba mtoto na wanafunzi wanaorudi skuli, wala si mwenye gari peke yake.

HOJA ZINAZOTOLEWA ILI KUYAONDOA

Husemwa kuwa masega hayafai kwa petroli ya Afrika. Hoja hiyo ilikuwa na msingi zamani, kwa sababu petroli ilitiwa madini ya risasi, nayo huyaua masega. Lakini nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na sababu hiyo haipo tena.

Husemwa pia kuwa masega yameziba. Huenda ni kweli, lakini kuziba ni dalili ya ugonjwa mwengine. Plagi mbovu, koili iliyokufa au injini inayokula oili ndiyo iliyoyaharibu, na kuyatoa hakuponyi ugonjwa huo. Mwenye gari akumbuke vile vile kwamba madini yaliyomo yana soko. Masega yanapotolewa, ni haki yake kuuliza yanakwenda wapi.

MFANO WA MAREKANI

Heda na moshi safi vinaweza kukaa pamoja. Nchini Marekani sheria inakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kupunguza sumu ya moshi. Katika jimbo la California, bodi ya hewa iliyoundwa mwaka 1967 huzipa namba ya idhini heda zilizothibitika kuwa haziongezi sumu. Idhini hutolewa kwa aina na mwaka maalumu wa gari, kwa sharti masega na sensa vibaki mahali pake. Kwa hivyo, suali la kuuliza si kama heda ni nzuri au mbaya, bali ni kama vifaa vyote vya gari vimebaki vikifanya kazi.

USHAURI KWA WENYE GARI

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuhakikisha kabla ya kununua kwamba heda imetengenezwa kwa aina hiyo hiyo ya gari na injini, na ina matundu ya sensa na ya bomba la kurudisha moshi.

2. Kutokubali masega yaondolewe. Yakiwa yameharibika, kwanza itafutwe sababu, kisha yatiwe mengine yanayolingana na injini.

3. Kudai gasketi mpya, kurudishwa kwa mabati ya kuzuia joto, na kukaguliwa uvujaji kabla ya gari kutoka gereji.

4. Kuihifadhi manifodi ya zamani, ili iweze kurudishwa ikihitajika.

5. Kutowasha injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Madereva wa gari za Serikali wakumbuke kuwa gari hizo ni mali ya umma. Badiliko lolote la ekzosi lisifanywe bila ya idhini ya maandishi ya afisa anayehusika na usafiri, na kifaa kilichotolewa kikabidhiwe ghalani na kuandikwa.

Mashirikiano ya wenye gari, madereva na mafundi yanahitajika sana katika jambo hili, kwani hewa ya mtaa ni ya wote, na hakuna awezaye kuchagua asiivute.