Sekunde zinazoamua iwapo ni mtaa mmoja au nchi nzima itakayokosa stima

MNAMO Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, kisha akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ilizimika. Mashine nyingine kituoni humo zikazidiwa na mzigo, nazo zikajizima. Zaidi ya megawati 180 zilipotea na Kenya nzima ikasalia bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Kisa hicho kiliwachekesha wengi, lakini kinaibua swali ambalo wahandisi wa umeme hulikabili kila siku: hitilafu inapotokea, ni kifaa kipi kinachopaswa kuzimwa, na baada ya muda gani? Kikichelewa kuzimwa, nyaya na transfoma huungua na maisha ya watu huwa hatarini. Kikizimwa pasipo haja, wasiohusika hutiwa gizani.

Uamuzi huo hufanywa na chombo kiitwacho relei. Relei haikati umeme yenyewe, bali hupima mkondo na kuiamuru breka ikate. Kwa kuwa mkondo wa laini kubwa hauwezi kupitishwa ndani ya chombo hicho, transfoma ndogo ya kupimia huupunguza kwa uwiano maalumu. Mathalani, laini inapobeba ampea 400, relei inaweza kupokea ampea 1 pekee. Mkondo wa hitilafu ukifika ampea 4,000, relei huona ampea 10.

Kuhusu muda, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuzima papo hapo. Hii hutumiwa dhidi ya mkondo mkubwa mno, ambao ni dalili kwamba nyaya zimegusana karibu na kituo. Ya pili ni kusubiri muda usiobadilika, tuseme sekunde 0.4, bila kujali ukubwa wa mkondo. Ya tatu ni kufupisha muda kadiri mkondo unavyoongezeka.

Njia hii ya tatu ina kanuni zinazotambuliwa kimataifa. Katika kanuni ya kawaida, kipimo cha muda kikiwekwa kwenye 1, mkondo unaozidi kiwango kilichowekwa mara mbili huzimwa baada ya sekunde 10 hivi, na ule unaokizidi mara kumi baada ya sekunde 3 hivi. Katika kanuni kali zaidi, muda huo huwa takriban sekunde 27 kwa mkondo wa mara mbili, lakini hushuka hadi sekunde 0.8 kwa ule wa mara kumi. Mhandisi akipunguza kipimo cha muda hadi 0.1, muda wote hugawanywa kwa kumi.

Kanuni kali hufaa mahali penye fyuzi, kwa sababu fyuzi nayo huyeyuka upesi zaidi mkondo unapokuwa mkubwa. Aidha, huipa mota ya kinu nafasi ya kuanza kuzunguka, kwani mota inapowashwa huweza kuvuta mkondo wa mara sita ya ule wa kawaida kwa muda mfupi bila ya kuwa na hitilafu yoyote.

Relei zilizofuatana kwenye laini moja sharti zipishane kwa muda. Kwa kawaida, iliyo karibu na chanzo cha umeme huongezewa sekunde 0.3 au 0.4 juu ya ile inayoifuata, ili iliyo karibu na hitilafu itangulie. Ikishindwa, ya nyuma yake huchukua nafasi. Hivyo mtaa mmoja huzimika na mitaa mingine huendelea kupata stima.

Pamoja na muda, kuna suala la kinachopimwa. Laini ya nyaya tatu inapokuwa sawa, mikondo yake ikijumlishwa hufutana. Jumla isipokuwa sufuri, ni dalili kwamba umeme unavuja kuelekea ardhini. Kwa sababu hiyo, kipimo cha kuvuja huwekwa chini sana kuliko mzigo wa kawaida. Penye laini mbili sambamba, relei hupima pia volti ili ijue mkondo unaelekea upande gani. Isitoshe, transfoma inapowashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na relei za kisasa za kidijitali huweza kuutambua kwa umbo lake na kuuacha upite.

Madhara ya kipimo kisichofaa yalionekana Novemba 9, 1965 nchini Kanada. Relei ya akiba katika kituo cha Sir Adam Beck, jimbo la Ontario, ilikuwa imewekewa kiwango cha chini tangu 1963. Mzigo ulipokua ukakifikia kiwango hicho, relei iliizima laini iliyokuwa nzima kabisa. Laini nne zilizosalia zikalemewa na kuzimika moja baada ya nyingine. Takriban watu milioni 30 nchini humo na kaskazini mashariki mwa Marekani walikosa umeme, baadhi yao kwa saa 13. Relei haikuharibika, ilitii ilichoamriwa. Ndiyo maana vipimo hivi havina budi kukaguliwa upya kila mzigo unapoongezeka.

Hata hivyo, relei ina mipaka yake. Waya uliokatika na kulala juu ya mchanga mkavu au lami huweza kupitisha mkondo mdogo kuliko wa mzigo wa kawaida, na hata kipimo cha kuvuja kisiuhisi. Waya huo hubaki na umeme wa kuua ingawa hautoi cheche wala mlio. Kwa hivyo, anayeuona waya umeanguka asidhani kwamba umekwisha kuzimwa. Akae mbali, awazuie wengine kuukaribia, na awaarifu wahusika.