Utata wa Vitufe: Kihariri na Terminali Yake

Neno "kaa" likitajwa peke yake, msikilizaji hawezi kubaini kama ni mnyama wa pwani, kipande cha mkaa au amri ya kuketi. Muktadha ndio uamuao. Utata kama huo humkabili pia mtafiti anayechambua matini kwa kompyuta.

Tutwae mfano wa Vim, programu ya kuhariri matini ambayo tangu toleo la 8.1 (2018) ina terminali ndani yake, yaani dirisha la kuandikia amri. Katika Bash, programu inayosoma amri hizo, Ctrl-W hufuta neno lililotangulia. Katika Vim, vitufe hivyo hivyo hutangulia amri za madirisha. Katika terminali hiyo, Vim ndiyo inayovipokea kwanza, na neno hubaki palepale. Hivyo basi, aliyekosea jina la faili katika amri ya kufuta, akadhani ameliondoa, huenda akapoteza kazi ya miezi.

Suluhisho ni mawili. Kwanza, Ctrl-W ifuatwe na nukta. Vim itaifikisha kwa Bash. Pili, mstari "set termwinkey=<C-L>" uandikwe katika faili la mipangilio, .vimrc. Kuanzia hapo Ctrl-L itashika amri za madirisha, na Ctrl-W itarudi kwa Bash. Hata hivyo, Ctrl-L nayo husafisha skrini katika Bash. Mtumiaji hana budi kuchagua kitufe asichokihitaji, la sivyo atakuwa ameuhamisha utata badala ya kuuondoa.