Fundi redio akiongeza simu, nyumba nzima inaingia kazini

Swali hilo linakuja karibu kila siku, na mara nyingi anayeliuliza hajaingia hata ndani. Anasimama mlangoni, simu mkononi, kioo kimepasuka kama utando wa buibui: "Fundi, na simu mnatengeneza?" Fundi redio ananyanyua kichwa kutoka kwenye sabufa aliyoifungua tangu asubuhi, anajibu hapana, anamwelekeza kibanda cha jirani. Mteja anakwenda na pesa yake.

Dodoma ofisi za namna hii hazikosi mtaa, iwe Majengo, Chang'ombe au Nkuhungu. Meza moja, mita, pasi ya kuchomea risasi, na rafu ya redio ambazo wenyewe walishasahau kuzifuata. Kazi yake imeshabadilika zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa Januari 2013 mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa mjini hapa, mafundi waliozoea antena na TV za kichogo walijikuta wanafunga ving'amuzi na madishi. Baadaye TV bapa zikashuka bei, redio ikahamia ndani ya simu, na redio kaseti inayoletwa leo mara nyingi ni ya mzee asiyetaka kuachana nayo.

Huku nyuma mji umejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na watumishi wakaanza kushuka na familia zao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma walikuwa wameshafika tangu 2007. Wote hao wana simu, na simu zinaanguka, zinaingia maji, zinagoma kuingiza chaji.

Kwa hiyo fundi anayefikiria kuongeza simu kwenye kazi zake hajakosea kusoma alama za nyakati. Anapokosea ni pale anapodhani ameongeza kifaa kingine mezani, kama alivyoongeza king'amuzi. Simu inakuja na mambo yake, na mengi yanafika mpaka nyumbani.

Jambo la kwanza ni mtaji. Familia nyingi zenye ofisi ya ufundi hazina akaunti mbili, moja ya kazi na nyingine ya nyumbani. Ada ya mtoto, kodi ya pango, pesa ya alizeti iliyouzwa baada ya mavuno: vyote vimo katika mfuko mmoja. Baba akiamua peke yake kwamba mwezi huu ananunua vifaa vya simu, mama watoto atajua siku shule inapotuma ujumbe. Ugomvi wa namna hiyo huitwa ugomvi wa simu, lakini ni wa kutoshirikishana.

Na hakuna haja ya kuanza na duka zima. Mita anayo. Bisibisi ndogo, kibano, mashine ya hewa ya moto, lenzi nzuri ya kukuzia na pasi yenye ncha nyembamba vinatosha kuanzia. Uelewa wa umeme nao anao: aliyewahi kutafuta shoti kwenye bodi ya redio ataitafuta kwenye bodi ya simu kwa akili ileile, ila sasa kila kitu ni kidogo kama punje ya chumvi na mkono haupaswi kutetemeka. Mafundi wazoefu wa redio hujivunia mkono mzito wa kuyeyusha risasi. Kwenye simu mkono huo unang'oa kipande ambacho hakitarudi.

Kazi za kuanzia ni betri, sehemu ya kuchomekea chaji, spika na maiki. Vioo vifuate. Bodi yenyewe iachwe kwanza, hata kama mteja anasisitiza.

Hapa ukame wa nyanda za kati unaingia kazini bila kualikwa. Miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma unapoinua vumbi mpaka ndani ya vyumba vilivyofungwa, simu nyingi "zinazokataa chaji" hazina ugonjwa wowote. Vumbi limeshindiliwa kwenye tundu la chaji na kila mara waya unapochomekwa linazidi kukaa. Fundi mwenye njaa atabadilisha tundu zima. Mwaminifu atazima simu, atasafisha kwa kijiti cha mti na brashi laini, ataomba pesa kidogo ya kazi na kumwambia mteja ukweli. Huyo mteja akirudi nyumbani atasimulia, na Dodoma, pamoja na ujiji wake, bado ni mji wa kusimuliana.

Vumbi hilohilo ndilo adui wa kubadilisha vioo. Chembe moja ikibaki chini ya kioo kipya, mteja ataiona kila anaposoma ujumbe. Meza ya simu isiwe ile inayofunguliwa sabufa zilizojaa vumbi la miaka mitano. Kona yenye pazia, kitambaa kilicholowa kidogo na mlango unaofungwa vinasaidia kuliko mashine ya bei mbaya.

Kwenye vioo ndiko pia hasara ilipo. Kila toleo la simu lina kioo chake, na majina yanachanganya. Tecno mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana mkanda wa ndani. Vipuri vingi hutoka Kariakoo. Fundi akiagiza kwa simu, mzigo ukapanda basi au treni na kufika Dodoma, ukagoma kukaa, nauli ya kurudisha ni yake.

Tuseme kioo kimenunuliwa Sh40,000 na mteja analipa Sh55,000. Faida ni Sh15,000, na inatia moyo. Sasa kimoja kivunjike mkononi wakati wa kukibandika. Fundi ananunua cha pili kwa pesa yake, na kazi hiyo peke yake inamwachia hasara ya Sh25,000. Akifanya nyingine mbili bila kosa, kwa kazi tatu mfukoni imebaki Sh5,000. Hapo bado umeme, bado kodi ya chumba, bado chakula cha mchana. Ndiyo maana wanaodumu katika kazi hii huchukua pesa ya kioo kwa mteja kabla ya kuagiza, hulinganisha namba iliyo nyuma ya kioo cha zamani, na hukijaribu kipya kwenye simu kikiwa bado na karatasi zake, kabla gundi haijaguswa.

Kujaza rafu vioo vya kila aina, kwa ofisi ndogo, ni kuzika pesa ya ada.

Lakini hasara ya kioo inalipika. Kuna nyingine ngumu zaidi, na ndiyo inayotenganisha simu na redio. Redio ikilala kwa fundi wiki mbili haina siri ya mtu. Simu ina picha za watoto, ujumbe wa mume na mke, majibu ya hospitali, deni la kikoba. Ina pesa pia. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 simu imekuwa pochi, na huduma nyingine zikafuata. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino au Kongwa simu moja inaweza kuwa ndiyo ya nyumba nzima: bibi anapokelea pesa kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam kupitia simu ileile ambayo kijana amekuja nayo mjini itengenezwe. Fundi akikaa nayo siku kumi, kuna nyumba imekaa siku kumi bila benki.

Utaratibu unaofaa si mgumu, ila unataka kushikwa kila siku bila kumwonea mtu aibu. Laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe mbele ya mteja na aondoke nazo, akaweke laini kwenye kitochi cha nyumbani. Namba ya siri ya pesa isiulizwe kamwe, na mteja akiitaja azuiwe. Kazi ikiisha, mwenye simu aifungue mwenyewe, apige, ajaribu kamera na spika hapohapo mezani. Kijana anayejifunza kazi aambiwe waziwazi kwamba kufungua picha za mteja "kuangalia tu" ni sababu ya kufukuzwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zipo, lakini ofisi ya mtaani hufa kabla ya kufikishwa mahakamani. Picha moja ya binti wa jirani ikivuja, hakuna atakayeleta hata redio.

Kisha kuna simu za wizi. Anakuja mtu mwenye haraka, hajui nywila, hajui barua pepe iliyofunguliwa nayo, anachotaka ni "kuiflashi" tu, na anatoa pesa nzuri. Pesa hiyo ni ya moto. Ukibonyeza *#06# simu inaonyesha namba yake ya utambulisho, IMEI, na fundi anaweza kuilinganisha na boksi au risiti ya mwenye simu. Kubadilisha namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Wengi wanakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia nchi nzima. Namba hizi zinafuatiliwa. Mke wa fundi, ambaye hajawahi kushika pasi ya risasi, ana haki ya kusema katika hili, maana polisi wakija hawatabisha hodi ofisini peke yake.

Na ni yeye, mara nyingi, anayefaa kushika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wa zamani. Daftari la simu liandikwe jina la mteja, namba yake, namba ya pili ya ndugu, aina ya simu, IMEI, ugonjwa aliousema, na hali ya simu ilivyopokelewa: nyufa, kava, mikwaruzo. Kipengele hicho cha mwisho kinaokoa ugomvi mwingi. Ukurasa wa mwisho wa siku uonyeshe pesa ya vipuri kando na pesa ya kazi. Pesa ya vipuri si ya mboga, hata ikiwa ndiyo iliyo karibu.

Suala la kujifunza linawatia unyonge baadhi ya mafundi wa umri mkubwa, hasa upande wa programu. Wengine wana jibu sebuleni kwao. Binti aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kuhamisha picha na kurejesha akaunti iliyopotea, anaweza kushika upande huo huku baba akishika pasi. Mtaani bado wapo wanaoshangaa kumwona msichana kwenye meza ya ufundi, lakini wateja wa kike hawashangai. Wengi wangependa simu yao ifunguliwe na mwanamke. Kwa anayetaka cheti, VETA ina chuo Dodoma, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Leseni ya biashara inatoka halmashauri, na TCRA, yenye ofisi ya kanda hapa Dodoma, hutoa leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano. Ni busara kwenda kuuliza mapema kuliko kuulizwa.

Kuna kitu kimoja kisifike nyumbani kabisa: betri mbovu. Fundi aliyezoea betri za redio hutupa iliyokufa chini ya meza au humpa mtoto achezee. Betri ya simu iliyovimba ikitobolewa, ikikunjwa au ikipashwa moto inaweza kuwaka ghafla, na moshi wake ni sumu. Samsung, kampuni yenye maabara zake, ililazimika mwaka 2016 kuacha kuuza Galaxy Note7 kwa sababu ya betri kuwaka. Seuze kibanda chenye pazia la nailoni. Iliyovimba iwekwe kwenye debe la bati lenye mchanga mkavu, mbali na mtungi wa gesi, na betri itolewe kwenye simu kabla ya mashine ya moto kuelekezwa popote karibu nayo. Dirisha liwe wazi wakati wa kuchoma risasi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Wanaotengenezea simu kitandani usiku, baada ya ofisi kufungwa, wajue kwamba watoto wanalala chumba hichohicho.

Baada ya miezi michache, ofisi iliyoongeza simu itakuwa na droo mpya. Ndani yake kuna simu zilizokwisha kutengenezwa ambazo wenyewe hawajazifuata: mwanafunzi aliyefunga chuo, mama wa Mpwapwa ambaye hajapata nauli, mtu aliyeshanunua nyingine. Vishawishi ni vingi. Mteja wa leo anataka kioo kama kile, au spika kama ile, na ipo hapo bure. Jioni, kabla ya kufunga, anayeshika daftari anaifungua droo, anatafuta majina moja moja, na kupiga zile namba za pili.