Picha ya Mwisho Haitoshi: Keisi ya Mkonge Ilivyonifundisha Kuuza Kazi ya Oda

Leo naongea na sisi tunaouza vitu vya oda mtandaoni: keki, nguo za kushona, viatu vya ngozi, makochi, urembo wa shanga. Shida yetu inafanana. Mteja anaona picha moja nzuri, anauliza bei, ukimtajia anasema "nitakucheki", ndo kapotea. Wakati huohuo kuna mtu amekaa pembeni anachukua picha ileile anaitumia kutapeli.

Dawa ya shida zote mbili mimi niliipata sehemu ambayo sikuitegemea: kwenye mashindano ya kupamba keisi za kompyuta. Hata kama hujui kompyuta, usiondoke. Utanielewa tu.

KEISI NI NINI?

Ni lile boksi la kompyuta ya mezani ambalo mtaani wengi tunaliita CPU. Ndani yake kuna bodi kuu, pawasaplai, feni na vinginevyo. Miaka ya 1990 karibu maboksi yote yalikuwa na rangi moja, kama maziwa yaliyochuja. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac ya rangi inayoona ndani, watu wakashangaa kumbe kompyuta inaweza kupendeza. Wacheza magemu wa Marekani na Ulaya nao walikuwa wanakata maboksi yao, wanaweka kioo pembeni, wanaweka taa.

Sisi huku jambo hili siyo geni. Ni kama Nairobi wanavyopamba matatu mpaka abiria anachagua gari ya kupanda. Ni kama bodaboda wetu wanavyovisha pikipiki. Chombo ni kilekile, ila mtu anataka kiseme yeye ni nani.

Sasa hivi ni mashindano ya dunia. Kampuni ya Cooler Master ya Taiwan imewahi kuendesha shindano lililoitwa Case Mod World Series. Lilikuwa na makundi mawili: wanaobadilisha keisi ya dukani, na wanaotengeneza yao kuanzia sifuri. Na siyo lazima uwe na vifaa vya ghali. Mwaka 2011 vijana wa Paris walianzisha kompyuta inayoitwa Jerry, wanaijenga ndani ya dumu la lita 20 kwa vifaa vya kompyuta za zamani. Wazo hilo lilifika mpaka Ivory Coast na Tunisia. Dumu lilelile tunalochotea maji!

Kitu kilichonigusa kwenye mashindano haya ni hiki: hupeleki picha ya mwisho peke yake. Unaonyesha kazi hatua kwa hatua, toka mbao au bati likiwa halijaguswa. Jaji anataka kuona mikono yako. Shikilia hilo, nitalirudia.

KWA NINI MKONGE?

Mimi nina kaduka Handeni mjini, pale Chanika. Natengeneza simu, nauza kompyuta zilizotumika, na oda nyingi zinakuja kwa simu. Nilimaliza kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Mteja wangu mmoja wa Dar, kijana wa magemu, alitaka keisi "isiyofanana na ya mtu". Tukakubaliana: yeye analeta bodi na vifaa vya ndani, mimi natengeneza keisi, na kabla hajaichukua naruhusiwa kuishindanisha kwenye shindano la mtandaoni.

Nikawaza, nikitengeneza joka au roboti, wapo elfu wanaofanya hivyo na wana mashine za kukatia. Mimi nina nini ambacho wao hawana? Jibu liko njiani. Ukitoka Handeni kwenda Korogwe, kama kilomita 65, ukikaribia kule unaanza kuona mkonge. Ngombezi, Magunga, Hale, Mombo, ni mkonge tu.

Huu mmea wenyewe una stori. Ulitokea Mexico. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000. Babu zetu wengi walifika Korogwe kwa ajili ya kazi ya mkonge. Mtu akiuliza "hii keisi maana yake nini", nina la kumwambia. Bidhaa yenye stori ya kwenu haishindani bei na ya Kariakoo, kwa sababu Kariakoo haipo.

KAZI YENYEWE

Fremu nilitumia vipande vya mninga vilivyobaki kwa fundi mmoja wa vitanda hapa Handeni. Ni mzee makini. Nilipomwelekeza akaniuliza, "Kijana wangu, hili kabati la nini, mbona lina matundu?" Nikamwambia, "Mzee, ndani kuna moto, lazima lipumue." Akacheka, akapiga randa.

Hapo kwenye kupumua ndo palikuwa na kazi. Hewa ya baridi inaingia kwa mbele, ya moto inatoka kwa nyuma na juu. Ukipamba mbele ukaziba, kompyuta inapata joto inajizima. Kwa hiyo mbele sikuweka ubao mzima. Nilikata mbao nyembamba 9 zenye ncha kama majani ya mkonge, nikazipanga zikitokea chini katikati zikatanuka kwenda juu. Katikati ya jani na jani kuna nafasi, na nyuma yake kuna feni mbili za milimita 120. Urembo ndo njia ya hewa yenyewe.

Kwa wanaotaka kujaribu, mambo matatu:

Moja. Usifunge bodi kuu moja kwa moja kwenye mbao. Nilikata lile bati la ndani la keisi mbovu, pamoja na sehemu ya nyuma yenye matundu ya waya, nikalifunga ndani ya fremu ya mninga. Bodi inakaa juu ya vinguzo vyake kwenye bati, na pawasaplai imefungwa kwenye bati hilohilo. Umeme ukivuja una njia ya kwenda ardhini kupitia plagi ya pini tatu. Soketi nayo lazima iwe na waya wa ethi.

Mbili. Pima bodi kabla ya kukata chochote. Bodi ya kawaida ya ATX ni milimita 305 kwa 244. Ndogo yake ni 244 kwa 244, na ndogo zaidi ni 170 kwa 170. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoletwa zikiwa zimetumika, kama Dell OptiPlex, zina bodi na pawasaplai za umbo lao wenyewe. Usikariri.

Tatu. Katani ikae nje tu. Nyuzi zinapukutika, zikiingia kwenye feni ni shida. Mimi niliisokota kwenye mpini wa kubebea na kwenye kona za nje, nikazibana kwa gundi.

Katani niliifuata Korogwe kwa mama mmoja anayesuka kamba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, unataka ya mbuzi au ya jipsamu?" Maana mafundi wa dari wanaichanganya kwenye jipsamu ili isipasuke. Nilipomwambia ni ya kompyuta akaniangalia vizuri, kisha akanichagulia nyuzi ndefu nyeupe, akanifundisha kuzisokota kwenye paja. Akaniruhusu nipige picha ya mikono yake, sura hapana. Ile picha ya mikono ndo iliyopendwa kuliko zote.

HESABU

Nilikuwa na daftari. Kila nikigusa keisi naandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Vifaa vilikuwa hivi:

Mninga na kupiga randa: 45,000
Katani: 6,000
Plastiki ya kioo ya pembeni, toka Dar: 38,000
Feni mbili: 24,000
Vanishi, rangi, gundi, msasa na skrubu: 21,000
Nauli Handeni–Korogwe, kwenda na kurudi mara mbili: 14,000
Jumla: 148,000

Saa za kazi: 58. Bei niliyomwambia mteja: 380,000. Ukitoa vifaa inabaki 232,000, ukigawa kwa saa 58 unapata 4,000 kwa saa. Siyo utajiri, lakini najua nilichopata. Wangapi kati yetu tunajua saa moja ya kazi yetu inaingiza ngapi?

Kianzio nilichukua 148,000 kamili, yaani gharama ya vifaa. Sababu ni rahisi: mteja akipotea katikati, nimepoteza muda, lakini hela ya duka haijalala kwenye keisi ya mtu.

Yule kijana alipoambiwa bei alisema, "Kaka, laki tatu na themanini kwa boksi? Si nanunua jipya Kariakoo na chenji inabaki?" Sikubishana naye. Kila jioni nilimtumia picha mbili za kazi ya siku hiyo: ubao haujarandwa, majani yanakatwa, msasa wa kwanza, msasa wa tatu. Kufika wiki ya pili hakuulizia bei tena. Aliuliza, "Leo umefika wapi?" Hela iliyobaki aliilipa yote kabla mzigo haujapanda basi.

Kwenye shindano keisi haikuingia kwenye washindi. Waliotangulia walistahili, kazi zao ni hatari. Ila zile picha za hatua nilizopeleka kwa majaji niliziweka na kwenye ukurasa wa duka, na zimeniletea oda mbili nyingine.

PICHA ZANGU ZILIPOIBWA

Kama wiki moja baada ya kuweka picha za mwisho, nikapata meseji ya dada mmoja. "Kaka, tangu nilipe kianzio mbona hupokei simu? Keisi yangu ya mkonge iko wapi?" Simjui. Hajawahi kuongea na mimi. Alikuwa amelipa 150,000 kwenye ukurasa mwingine uliochukua picha zangu mbili za mwisho ukaandika "oda zinapokelewa". Yeye akitafuta keisi ya mkonge akanikuta mimi, akaamini ndo mimi niliyekula hela yake. Na alishaanza kuwaambia watu.

Wadau, hapo hela iko pembeni. Jina likichafuka Handeni, Korogwe wanajua kabla ya jioni.

Sikumjibu kwa hasira. Nilimtumia picha zaidi ya 40 za kazi, toka ubao mbichi, zikiwa na tarehe. Nikachukua karatasi, nikaandika jina lake na tarehe ya siku hiyo, nikaiweka juu ya keisi nikamrekodia video. Nikamwambia, "Dada yangu, waombe na wale wakutumie hivi." Aliwaomba. Wakambloku.

Nilimwelekeza atume ile namba ya tapeli kwenda 15040, apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake, kisha aende polisi na meseji zote bila kufuta, maana tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hela haikurudi, ilishatolewa. Iliniuma, ametafuta kwa jasho. Lakini pale alipokuwa ameandika jina langu vibaya alirudi akaandika ukweli, na zile picha 40 akaziweka yeye mwenyewe.

Na picha ulizopiga mwenyewe ni mali yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda, na COSOTA ndo wanaohusika. Ila ushahidi wa kwamba ni zako ni zile ambazo mwizi hana.

Ndo nikaelewa majaji wanachotafuta. Picha ya mwisho yeyote anaweza kuwa nayo. Picha ya katikati anayo aliyefanya kazi tu.

FANYA HIVI KWENYE BIASHARA YAKO

1. Piga picha ya malighafi kabla hujaigusa. Unga, kitambaa, ngozi, mbao.

2. Kila hatua picha mbili, mikono ikionekana. Simu ya kawaida inatosha, kaa karibu na mlango upate mwanga.

3. Usiweke zote mtandaoni. Weka chache, nyingine zibaki kwenye simu na kwenye hifadhi ya pembeni. Hizo ndo silaha yako siku ya kesi.

4. Andika saa na gharama kwenye daftari siku hiyohiyo. Kesho utakuwa umesahau nauli.

5. Kianzio kisipungue gharama ya vifaa. Mpe mteja risiti, na mtumie maendeleo bila kuombwa.

6. Mwambie mteja wazi: "Ukiwa na wasiwasi niombe video yenye jina lako." Anayetengeneza kweli hawezi kushindwa.

7. Mzigo ukienda kwa basi, piga picha ukifungwa, ukipokelewa na risiti yake. Mimi yangu naipandisha Korogwe kwenye mabasi ya barabara kuu, na mteja anapata picha kabla gari haijaondoka.

Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, yaliyobaki ni maji na makapi. Mteja anaona hizo nyuzi nyeupe anadhani ni kazi ndogo. Muonyeshe jani zima, ataelewa bei yako.

Oda uliyonayo mezani leo, kabla hujaendelea nayo, chukua simu upige picha ya kwanza.