Linux: Uitumie ilivyokuja au uipange mwenyewe?

Tuseme una duka la steshenari pale Mbuba, wilayani Ngara. Kompyuta ni moja, ya zamani, RAM GB 4. Hiyo hiyo inachapa barua za maombi ya kazi na kuprinti CV za wateja.

Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na mashine yako haina. Fundi anakwambia: weka Linux, ni bure.

Sawa. Lakini hapo linakuja swali ambalo Windows haijawahi kukuuliza: unataka deskitopu ipi?

Deskitopu ni nini hapa?

Ni ile sehemu unayoiona kwenye skrini: menyu, vitufe, mpangilio wa madirisha. Kwenye Linux unaweza kuibadilisha yote, na mfumo wa ndani ukabaki ule ule.

Zilizopangwa tayari

GNOME, iliyoanza mwaka 1997, imeshakuamulia mambo mengi. Skrini ni safi, haina aikoni, na hata kitufe cha kushusha dirisha hakipo mpaka ukiwashe. Ukitaka zaidi, unaweka programu ndogo za nyongeza. Shida ni kwamba toleo jipya hutoka kila miezi 6, na baadhi ya nyongeza hugoma likiingia.

Za kujipangia

KDE, iliyoanza 1996, ina Plasma. Hapa karibu kila kitu kinahamishika: upau uweke juu, chini au pembeni, rangi chagua mwenyewe. Raha tupu, ila siku nzima inaweza kuishia kwenye mipangilio.

Katikati

Linux Mint inakuja na deskitopu tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Menyu iko chini kushoto, kama mtu wa Windows alivyozoea. Xfce ndiyo nyepesi zaidi kati ya hizo, hivyo inaifaa mashine ya GB 4.

Uchague vipi?

Jiulize nani anaitumia mashine. Laptop yako binafsi ipange utakavyo. Ya dukani ni habari nyingine. Siku umeenda Ngara mjini, mteja anataka CV kabla gari halijaondoka, halafu kijana wako anapiga simu: "Bosi, menyu iko wapi?"

Habari njema ni kwamba mipangilio ya Linux hukaa kwenye akaunti ya kila mtumiaji. Fungua akaunti mbili. Ya duka iache kama ilivyokuja, yako ichezee unavyotaka.

Kabla hujafuta Windows

- Nakili mafaili yote ya wateja kwenye diski nyingine.
- Pakua Linux Mint mara moja tu, ni karibu GB 3. Ukiwa nayo, unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta nyingine bila kulipia leseni, na bando halitumiki tena.
- Iweke kwenye flashi na uiwashe kutokea hapo. Utaijaribu bila kufuta chochote.
- Ikiwa bado kwenye flashi, chomeka printa na utoe karatasi moja. Printa ikigoma, usifute Windows kwanza.