Amiba Miongoni mwa Nyota

Mchezaji wa bao akifungwa hana wa kumlaumu. Kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wawili, hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na aliyeshindwa ameshindwa kwa akili ya mwenzake.

Michezo ya kompyuta ya kuvumbua na kutawala anga aghalabu haifuati desturi hiyo. Katika mchezo uitwao Master of Orion, uliotolewa mwaka 1993, mchezaji hutafuta sayari, huunda merikebu za anga na kuendeleza elimu ya taifa lake. Katikati ya mipango hiyo huzuka maharamia, tauni, nyota yenye mkia, au amiba mkubwa anayejikokota baina ya nyota kuelekea sayari yenye watu. Mwanafunzi aliyekwisha kumtazama amiba kwa hadubini hana budi kucheka. Lakini yafaa aulize kwa nini mtunzi alimtia humo. Jibu ni kwamba pasipo matukio ya namna hiyo, aliyetangulia angeendelea kutangulia hadi mwisho, na hakuna ambaye angeona haja ya kuweka akiba.

Historia ya kweli ya safari za anga haipungukiwi na vichekesho. Tarehe 14 Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kilipigwa na radi mara mbili kabla ya dakika moja kwisha tangu kuruka. Kikaokolewa na mtaalamu mmoja wa ardhini aliyekumbuka swichi ambayo wenzake wengi hawakuijua. Mwaka 1979 vipande vya Skylab viliangukia Australia, na halmashauri ya Esperance ikaitoza Marekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka. Mwaka 1995 vigong'ota walitoboa mashimo yapatayo 200 katika povu lililofunika tangi la chombo cha Discovery, na safari ikaahirishwa hadi mwezi Julai. Ili kuwafukuza, wahandisi waliweka bundi wa plastiki. Ndege ambaye kwetu hutuhumiwa kuleta nuksi, huko akawa askari wa zamu!

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuucheza mchezo wa namna hii kwa karatasi. Tuchukue mfano wa darasa la Mzinga, Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo jina lenyewe lina maana ya nyuki na maana ya vita. Tukio la darasa hilo na liwe hili: nyuki wamehamia ndani ya bomba la roketi, hakuna kuruka zamu hii. Lakini nani ataamua nyuki waje lini? Mwalimu akiamua, atashukiwa kupendelea.

Kompyuta huamua kwa hesabu. Chagua namba kati ya 0 na 15, izidishe kwa 5, ongeza 3, kisha gawanya kwa 16. Baki ndilo namba mpya, nawe urudie hivyo hivyo. Ukianza na 7 utapata 6, kisha 1, 8, 11, 10, 5, 12, na kuendelea. Ikitokea 0, nyuki wamefika.

Namba hizo zaonekana ovyo, lakini sivyo. Kila namba hutokea mara moja tu katika zamu 16, ndipo 7 hurudi. Bahati ya kweli haina adabu hiyo. Kama tungechanganya vikaratasi 16 kofiani, tukatoa kimoja na kukirudisha, uwezekano wa kufanya hivyo mara 16 bila kupata 0 hata mara moja ni 15/16 kwa kipeo cha 16, yaani 0.36 hivi. Kofia haikumbuki kilichotoka jana. Mcheza kamari asemaye kwamba namba yake “imekwisha iva” humpa mwenye kamari fedha zake kwa hiari.

Programu za kompyuta hutumia vigawanyo vikubwa mno, hata mzunguko wake usionekane kwa macho. Wetu waonekana upesi: witiri ikizidishwa kwa 5 na kuongezwa 3 huwa shufwa, na shufwa huwa witiri, kugawanya kwa 16 hakubadili jambo hilo. Basi baada ya shufwa, 0 haiwezi kufuata kamwe. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mwenye macho makali ataligundua hilo kabla ya kengele kulia, na tangu hapo roketi zake hazitakutwa na nyuki.